Nilimwambia Abaki

Yesenia Carrizales alikuja Chuo cha Tillery nikiwa mwaka wa nne, na siku ya kwanza tulimcheka. Alishuka kwenye pikapu ya baba yake akiwa na mfuko wa gofu ambao mkanda wake ulikuwa umeunganishwa kwa utepe wa gundi, na ndani yake mlikuwa na fimbo saba. Sisi wengine tulikuwa na kumi na nne kila mmoja. Kwao ni kusini-magharibi kabisa mwa Kansas, mji wa machinjio, na uwanja wao wa gofu una mashimo tisa tu. Penye shimo hapana nyasi. Pana mchanga uliomwagiwa mafuta ili upepo usiuchukue.

Brandi Kuykendall, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi sote, alimwuliza kama kwao wanacheza gofu au wanatengeneza barabara.

"Vyote viwili," Yesenia alijibu, bila hata kumtazama. "Hizo zenu nimezipitia leo. Mngetuita tuwasaidie."

Tuliacha kucheka siku ya tatu. Kocha Stucky alitupeleka uwanjani, upepo ukivuma kama unavyovuma huko kwetu kila siku, na Yesenia akawa anapiga mipira ya chini, mirefu, inayopita chini ya upepo kana kwamba upepo haupo. Alimaliza mashimo kumi na nane kwa mikwaju sabini na mbili. Mimi, nahodha, nilimaliza kwa themanini na tatu na nilijiona nimecheza vizuri.

Unahodha wangu haukutokana na ubora. Nilikuwa nimekaa muda mrefu kuliko wenzangu, basi. Katika miaka mitatu tulishika mkia mara mbili, na mara moja tukawa wa pili kutoka mwisho. Kwenye gofu ya vyuo wanacheza watu watano, zinahesabiwa alama za wanne waliopiga mikwaju michache zaidi, na mara nyingi ile yangu ndiyo iliyotupwa. Baba yangu, Lloyd Dreiling, analima ngano na hana maneno mengi. Kila nikirudi nyumbani aliniuliza, "Mmekuwa wa ngapi?" Nikimjibu, anatikisa kichwa na kuendelea kula.

Vuli ile tulisafiri kwenye gari la chuo, Stucky akiendesha, sisi tukila sandwichi za kituo cha mafuta na Brandi akiimba vibaya makusudi. Nebraska, Yesenia akawa wa kwanza kati ya wachezaji themanini. Missouri, akawa wa pili. Oklahoma, mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha kwa ubavu, akawa wa kwanza tena, na timu nzima ikawa ya tatu. Tulikuwa hatujawahi kuwa wa tatu popote. Brandi alilia, halafu akakataa kwamba alilia.

Siku hiyo ya mvua kulikuwa na mwanamke mwenye koti la chuo kikuu cha jimbo jirani, chuo kikubwa, cha wale wanaosafiri kwa ndege. Alisimama nyuma ya shimo la tisa kwa saa nzima akimtazama Yesenia. Nilimwona. Stucky naye alimwona.

Baridi ilipoingia tulihamia kwenye banda la zamani la matrekta, tukawa tunapiga mipira kwenye wavu. Ni huko Yesenia alikonizoea. Alikuwa ananirekebisha mikono yangu, bila dharau, kama unavyomwonyesha mtu jinsi ya kufunga kamba za viatu. Aliniambia baba yake anakata nyama zamu ya alfajiri na kwamba zile fimbo saba alizinunua kwenye uuzaji wa vitu vikuukuu uani kwa mjane mmoja. Aliniambia yeye ndiye wa kwanza kwao kusoma chuo, na kwamba akikwama jambo lolote la hapa hajui amuulize nani, ila mimi.

Mwezi wa Februari Stucky aliniita ofisini. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Vernon Stucky alikuwa mtu mpole, shemasi kanisani kwao, mwenye miaka kumi na tisa Tillery na ubingwa wa kanda sifuri. Aliniambia kwamba bodi ya chuo ilikuwa imeamua tangu Desemba kuifuta timu. Huu ndio ulikuwa msimu wa mwisho. Tangazo lingetolewa Mei, baada ya mashindano, na yeye alikuwa ameahidi kunyamaza. Hakuficha kwamba alikuwa amepewa kazi nyingine hapo hapo chuoni, na kwamba kazi hiyo ingekuwepo mradi mambo yaishe bila kelele.

Kisha akanionyesha barua. Chuo kile kikubwa kilimtaka Yesenia. Wangemlipia masomo yote mpaka mwisho, ila walitaka jibu kabla ya tarehe mosi Machi.

"Keshamwambia mke wangu kwamba atakuuliza wewe unaonaje," alisema. Alikuwa akimaanisha Yesenia. Siku ya Jumapili alikuwa amekula kwao. "Mimi siwezi kumshika, Marlys. Lakini wewe anakusikiliza."

Nilimwuliza kwa nini nimwambie abaki mahali panapofungwa.

"Kwa sababu akishasaini kule, wazazi wake watataka apumzike, atakuwa na wasiwasi wa kuumia, kichwa chake hakitakuwa hapa. Na akikataa leo, Mei wakisikia tumefungwa watamchukua tu. Mchezaji kama yule hawamwachi. Anapoteza nini? Miezi miwili." Akaikunja ile barua. "Mara moja tu, Marlys. Mimi na wewe. Mara moja tu tuwe wa kwanza."

Wengine wamewahi kuniuliza alinipa nini. Hakunipa kitu. Hakunitisha pia. Ningeweza kutoka pale nikaenda moja kwa moja bwenini kwa Yesenia. Nilichofanya ni kuyachukua yale maneno yake, kwamba watamchukua tu, nikayashika kama mtu anavyoshika risiti, ingawa hata nilipokuwa nashuka ngazi nilijua hayana msingi. Nilikuwa nawaza sauti ya baba yangu mezani na jibu nitakalompa.

Yesenia aliniuliza siku mbili baadaye, kwenye mgahawa ulio karibu na reli, tukila biskuti laini na mchuzi mweupe. Alikuwa na ile barua kwenye mfuko wa koti. Alisema baba yake amemwambia aamue mwenyewe, kwamba yeye mambo ya vyuo hayajui.

"Ungekuwa wewe ungekaa?" aliniuliza.

"Ningekaa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kule atakuwa mmoja kati ya kumi, atakalishwa benchi mwaka mzima, hakuna atakayejua jina la baba yake. Nikamwambia hapa ana miaka mitatu mbele yake na timu inayojengwa juu yake. Maneno hayo nayakumbuka yote, na sauti niliyoyasemea, ya utulivu, ya dada mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameshukuru, kwa sababu yeye kwa kweli alikuwa anataka kubaki na alihitaji tu mtu amwambie kwamba si ujinga. Aliandika jibu la kukataa tarehe ishirini na saba.

Masika tulicheza kana kwamba si sisi. Texas mwezi wa Machi tulikuwa wa pili. Arkansas tulikuwa wa kwanza, na Brandi akapigiwa simu na redio ya mji wetu wa Bascom akaongea dakika kumi bila kupumua. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga sabini na nane, sabini na tisa, kwa ile mikono aliyonirekebisha Yesenia. Alama yangu haikutupwa tena. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine. Kwa wiki nzima nzima nilisahau kabisa kwamba kuna kitu ninachokijua.

Mashindano ya kanda yalikuwa katikati ya Aprili, siku mbili, raundi tatu. Siku ya pili bwana Carrizales alikuja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, ameendesha saa tano, na alibeba sufuria ya tamale, unga wa mahindi wenye nyama ndani uliopikwa kwenye maganda ya mahindi, iliyofungwa kwa taulo ili zisipoe. Alitembea mashimo yote kumi na nane nyuma ya binti yake, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani. Yesenia alimaliza kwa mikwaju sitini na tisa. Tulishinda kwa tofauti ya mikwaju miwili. Mkwaju wangu wa mwisho, wa hatua moja na nusu hivi, uliingia, na wenzangu wakanirukia.

Wakati tunapiga picha na kikombe, Stucky akifuta macho kwa mkono wa shati, bwana Carrizales alinijia. Alinipa tamale mbili kwenye kitambaa cha karatasi.

"Yesi ameniambia ni wewe uliyemshauri," alisema. "Mimi na mama yake tulikuwa tunaogopa. Hatuna mtu wa kumuuliza mambo haya. Asante kwa kumwangalia kama mdogo wako."

Nikamwambia karibu. Nilizila zile tamale mbele yake, zote mbili, kwa sababu alikuwa amesimama akinisubiri nile.

Nyumbani baba aliniuliza tumekuwa wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza. Akasema, "Vizuri," akaomba apitishiwe viazi.

Tangazo lilitoka siku ya tatu ya Mei. Walituita darasani, akaja mwanamke wa utawala ambaye hatukuwa tunamjua, akatusomea karatasi. Stucky alikaa mstari wa mbele akitazama sakafu. Mtu asiyejua angeapa kwamba naye ndiyo kwanza anasikia. Brandi alisimama akauliza kama kikombe nacho kimefutwa, na hakuna aliyecheka.

Yesenia alitoka nje akapiga simu kwa chuo kile kikubwa. Nilimwona kupitia dirishani, akitembea huku na huku kwenye maegesho ya magari, kidole sikioni kwa ajili ya upepo. Walimwambia kwa upole kwamba nafasi ile ilishajazwa tangu Machi, na nafasi za mwaka uliofuata nazo zilikuwa zimeahidiwa watu. Vyuo vidogo viwili vilimpa robo ya karo. Robo haikumtosha, na Tillery karo yake ilikuwa inalipwa kwa ajili ya gofu tu.

Aliporudi ndani alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa analia.

"Wewe ulijua?" aliniuliza.

"Hapana," nikasema.

Akaniegemezea kichwa begani, tukakaa hivyo mpaka darasa likabaki tupu. Alirudi kwao mwisho wa mwezi kwa pikapu ile ile. Nilihitimu, nikaenda Wichita kufanya kazi kwenye ofisi ya bima. Bosi wangu anapenda gofu, na kila mteja akija ananitambulisha kama bingwa wa kanda. Nimejifunza kutabasamu pale.

Nilikaa na lile jibu miaka mitatu. Mwishowe, Ijumaa moja ya Septemba, nilichukua gari nikaenda kwao. Dada mmoja wa dukani alinielekeza: Yesenia anafanya kazi kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe nje ya mji, kwenye mizani ya malori. Nilimkuta kwenye kibanda chenye dirisha, amevaa shati la kazi lenye jina lake kifuani. Alitoka akasimama nami juani. Hakunikaribisha ndani.

Nilimwambia yote. Bodi, Desemba, ofisi ya Stucky, mgahawa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado yalitoka ovyo.

Alipoona nimemaliza alisema, "Najua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu wiki ile ile. Baba alikwenda kumwona Stucky. Stucky akamwambia kwamba yeye mikono yake ilikuwa imefungwa, ila hata nahodha alijua, na nahodha ndiye aliyenishauri." Alisema bila kupandisha sauti. "Baba alirudi akaniambia. Nikamwambia haiwezekani, nilikuuliza mwenyewe ukasema hukujua. Tuligombana. Mwezi mzima hatukusemeshana, kwa sababu yako."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe." Lori lilikuwa limeingia kwenye mizani na dereva alikuwa anapiga honi. Yesenia alimwonyesha kwa kidole asubiri. "Mwaka wa kwanza nilisubiri sana, Marlys. Kila simu ikilia. Ungeniambia mwaka ule, nadhani ningekusamehe. Nilikuwa nataka kukusamehe. Sasa umekuja ujitue mzigo wako, na umeutua. Mimi unataka nifanye nao nini?"

Nilimwuliza kama bado anacheza. Akasema uwanja wa mji ulikuwa hapo nyuma ya mazizi, na kwamba yeye hajaukanyaga tangu aliporudi. Baba yake ndiye huenda Jumapili, peke yake, na anapiga vibaya sana.

Nikasema samahani. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akarudi kibandani na kufungua dirisha. Nilimsikia akimtania yule dereva kwamba ng'ombe wake wamekonda kuliko yeye, na dereva akacheka. Sauti yake ilikuwa ile ile ya bandani kwetu. Nikaingia garini, na kwa kuwa malori yalikuwa yamepanga foleni nyuma yangu, ilinibidi ningoje kama nusu saa ndipo nipate njia ya kutoka, nikiwa nimekaa mbele ya dirisha lake, na katika nusu saa hiyo hakutazama upande wangu hata mara moja.