Kofia Zenye Sauti ya Firmin Yvon

Jumanne asubuhi, katika karakana ya Madam Vauquelin huko Paris, Léontine Yvon alikuwa akimalizia kofia ya kwanza ya mtindo mpya. Ilikuwa ni ile kofia ya askari ya kukunjwa, yenye kishada kinachoning'inia mbele, ila hii ya kike: rangi yake buluu iliyopauka kama sare ya vita, na upande mmoja umeinamia sikio. Vita vilikuwa katika mwaka wake wa pili, na mabibi wa mjini walitaka kuvaa walichovaa waume zao. Kiolezo kilitoka kwenye kofia kuukuu ya Firmin, mume wa Léontine, aliyeirudisha kwa posta alipopewa ya chuma. Léontine aliifumua mshono kwa mshono, akapima kila kipande, akakata vilevile. Hakuongeza wala hakupunguza.

Alipokata uzi wa mwisho, kofia ikakohoa.

"Supu imeganda tena," ikasema kwa sauti ya Firmin. "Na nani kakalia mkate wangu?"

Wasichana wa karakana waliinua vichwa, kisha wakarudi kwenye sindano zao. Madam Vauquelin alitoka dukani, akaigeuzageuza ile kofia, akachungulia ndani.

"Ni mumeo?"

"Ndiye, Madam."

"Msemaji hivi siku zote?"

"Nyumbani alikuwa mkimya, Madam. Hata chumvi ilibidi nimuulize mara mbili kama anaitaka."

"Basi tutie bitana ya mahameli. Itampunguza kidogo."

Hadi mwisho wa Februari zilikuwa zimeuzwa arobaini na moja. Kwa kuwa Firmin alikuwa mmoja, zote zilisema neno lilelile kwa wakati mmoja. Mabibi kumi wakiwa mgahawani na vikombe vyao vya chokoleti, kofia kumi zilisema pamoja, "Chawa huyu ana ukoo mkubwa kuliko wa mjomba Anatole," nao wakangoja amalize, ndipo wakaendelea na habari zao. Bibi mmoja alikuja dukani kulalamika kuwa yake imetukana wakati wa misa. Madam Vauquelin alimkumbusha kwamba kofia ya dada yake padri nayo ilitukana, tena tusi hilohilo, kwa hiyo hapakuwa na wa kunyooshewa kidole.

Lakini neno lililorudi kila siku lilikuwa likizo. Firmin alikuwa na miezi kumi na mitano hajafika nyumbani. Likizo zilitolewa kwa mpangilio wa herufi za majina, na kila kikosi kilipohamishwa, karani alianza orodha upya kutoka A. Mara nne orodha ilifika T. Mara nne kikosi kikahamishwa.

"Ungeolewa na Abadie yule muuza samaki," alisema Clémence, aliyekaa meza moja na Léontine. "Si alikutaka?"

"Abadie alinuka, shoga."

"Alinuka, sikatai. Lakini sasa hivi angekuwa keshakuja mara tano kukunukia."

Léontine hakucheka. Alimtaka Firmin hata kwa siku moja, hata kama hatasema kitu.

Mwanzoni mwa Machi mke wa Kanali aliagiza kofia. Kanali huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya likizo. Léontine aliomba kuishona mwenyewe, na bitana hakutia. Kisha akamwandikia mumewe barua, maana kofia zilileta sauti ya Firmin lakini hazikupeleka ya kwake: "Alhamisi tarehe tisa, saa kumi alasiri, Kanali atakuwa na wageni. Sema jina lako na unachotaka. Usitukane. Miguu yako usiitaje."

Alhamisi hiyo Léontine alikuwa ukumbini kwa Kanali, na sindano mkononi, eti kaja kukaza kishada. Mabibi sita walikuwa wamevaa kofia. Saa kumi kamili zote zikasafisha koo.

"Mimi Firmin Yvon, askari wa miguu. Heshima yako, Kanali. Miezi kumi na mitano sijamwona mke wangu. Naomba siku sita." Zikakohoa. "Habari za miguu sizitaji."

Mabibi walifuta machozi. Kanali alisimama wima, akaipigia saluti kofia ya mkewe, akaagiza kalamu. Alikuwa keshaichovya wino mkewe alipomwinamia sikioni. Kanali akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Mwanangu," alimwambia Léontine, "mumeo akija, kofia hizi zitanyamaza?"

"Hapana, Kanali. Hazijui kunyamaza."

"Kwa hiyo atakayokwambia... mkiwa wawili..."

"Nyumbani ni mkimya, Kanali."

"Baada ya miezi kumi na mitano?" alisema mke wa Kanali. "Mwenzangu, hakuna mkimya."

"Basi mabibi wavue kofia. Ni siku sita tu."

Mabibi walitazamana. Ilikuwa majira ya matembezi, na hakuna aliyeweza kutoka nje kichwa wazi. Kanali aliifuta kalamu taratibu, akairudisha mahali pake.

Jibu lilimfikia Firmin siku ya Jumapili, saa za misa: likizo imekataliwa kwa ajili ya maadili ya umma. Katika makanisa yote ya Paris kofia zikatamka neno moja, ambalo Léontine hakujua kama mumewe analijua. Ilipofika Pasaka mabibi walikuwa wakisalimiana kwalo, na gazeti moja la mitindo lilieleza namna ya kulitamka ukiwa umevaa glavu.

Madam Vauquelin aliagiza kofia sitini nyingine, za kitani, kwa ajili ya kiangazi. Léontine alikata, akapima, akashona. Alasiri moja, zile zilizokuwa tayari rafuni zikaanza kukoroma zote kwa pamoja, na Clémence akakatiza wimbo wake katikati.

"Alikuwa zamu tangu jana," alisema Léontine.

Wakasogeza viti polepole visikwaruze sakafu, na hadi jioni wakaombana mikasi kwa ishara.