Ukwaju wa Mashine na Ukwaju wa Watu

"Nimetia nini, wallahi? Nimetia nini?" Mwanatatu, mwenzangu wa biashara ya juisi ya ukwaju, alikuwa amesimama katikati ya jiko langu, upawa mkononi, kama kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Vanila," nilisema. "Mashine imeiona."

"Kwani mashine ina pua?"

Kwenye simu niliyoiegemeza kwenye birika, Gershom wa maabara kule Changamwe alikohoa. "Haina pua, mama. Ina mrija mwembamba. Juisi ikisukumwa ndani, kila kitu hutoka kwa wakati wake na kuchorwa kilima chake. Kromatografia ya kimiminika, ndiyo hiyo. Fenoli za ukwaju, zile zinazokaza ulimi, zipo, vilima vidogo vidogo. Halafu kuna Mlima Kilimanjaro. Huo ni vanila."

"Umesikia?" nilimwambia Mwanatatu. "Kilimanjaro."

Mwenye duka moja la Nyali alikuwa amekubali kutupa rafu, kwa sharti kwamba maabara ithibitishe juisi yetu haina kitu zaidi ya ukwaju, maji na sukari, na ipime fenoli zake. Alitaka majibu leo kabla ya kufunga. Tukishindwa, rafu inakwenda kwa watu wa juisi ya ubuyu kutoka Utange. Na mimi nimechoka kuuza kwa ndoo kando ya barabara, wakati diploma yangu ya usindikaji wa vyakula inapigwa na moshi wa jiko ukutani.

"Lakini sisi hatutii arki yoyote ya kunukiza, hata hiyo ya vanila," nilisema. "Tangu lini tumetia?"

"Ile ya kuuza hatutii." Sauti ya Mwanatatu ilishuka. "Ile chupa, shoga, uliniambia inakwenda kwa mabwana wa maabara. Watu na makoti yao meupe! Niwapelekee wageni kinywaji kisicho na harufu, mfano wa maji ya kuogea? Huko kwetu Jomvu Kuu sisi hatukulelewa hivyo. Nikatia kifuniko kimoja."

"Kimoja?"

"Na kidogo cha heshima."

Nilishika kichwa. Yeye akainamia simu. "Baba, kwani hawakuinywa?"

"Mashine inatumia tone tu," Gershom alisema polepole. "Iliyobaki, mkubwa wangu alisema si vizuri kuimwaga."

"Ehe?"

"Anauliza kama ipo nyingine."

Mwanatatu alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Gershom," nilisema, "nikikuletea chupa sasa hivi, utapima leo?"

"Mashine iko wazi, Mama Lenox. Lakini iwe sasa hivi."

Kugombana na Mwanatatu kungetumalizia siku, na nikimwacha nyuma ananuna mwezi mzima. Nilichukua chupa mbili safi. Ya kwanza niliijaza mwenyewe kutoka kwenye sufuria, nikaifunga, nikaitia mkobani, nikavuta zipu. Ya pili nikamsukumia.

"Hii ya mashine nabeba mimi. Hiyo ya watu ni yako, itie arki yako uibebe. Ukiugusa mkoba wangu napiga mayowe."

"Kifuniko kimoja?"

"Na kidogo cha heshima. Vaa buibui, twende."

Nilifunga jiko, nikasimamisha tuktuk. Yeye nilimweka kona ya kushoto, mimi nikakaa ya kulia, mkoba nikaukalia.