Kona ya Marehemu Kibwana

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Stumai aliota amekipata chuo.

Akiwa macho, alikuwa amekitafuta miezi minane. Stumai ni fundi cherehani wa Kilosa, mjane wa miaka hamsini na moja, na alitaka mtu amfundishe kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, juu ya msingi aliouacha mumewe, Kibwana. Chuo kimoja kilimwambia umri umepita. Kingine kilimpa daftari na kumwonyesha picha za matofali. Shemeji yake, Mwinshehe, alichoka kusubiri: Jumamosi hiyo aseme anajenga, la sivyo kiwanja kiuzwe.

Ndotoni chuo kilikuwa nyuma ya soko la nyanya. Hakikuwa na kuta wala paa. Ulikuwepo mlango tu, umesimama peke yake. Stumai akabisha hodi.

"Karibu," ukajibu mlango. "Ila usiingie. Mafunzo yetu ni ya vitendo. Darasa unalijenga kwanza, ndipo unaingia."

"Nitalijengaje na sijafundishwa?"

"Wote huuliza hivyo," ukasema mlango, ukajifunga.

Pembeni yake alikaa karani wa usajili, tofali la saruji lenye miwani.

"Jina?"

"Stumai binti Kondo."

"Umefyatuliwa lini?"

"Miaka hamsini na moja iliyopita."

"Umemwagiliwa maji?"

"Hapana."

Tofali likavua miwani. "Miaka yote hiyo hujamwagiliwa! Ndiyo maana una ufa."

"Ufa uko wapi?"

"Utaonyeshwa darasani. Mwingine!"

Basi Stumai anasimama kwenye mstari pamoja na matofali mia mbili. Mpira wa maji unapita asubuhi, unapita jioni, siku saba. Hakuna anayelalamika. Tofali la jirani linamwambia asijifute, maji yaingie ndani yenyewe. Siku saba zinakwisha kabla uso haujakauka, na anapofumbua macho soko halipo tena. Yuko kwenye kiwanja chake, nyasi zimefika magotini, na msingi wa Kibwana uko mbele yake.

Mwalimu amekwisha kufika. Ni kiputo cha hewa kilichomo ndani ya pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, kidogo kama punje ya mtama, na kina sauti ya mtu aliyefundisha muda mrefu.

"Mimi nina jambo moja tu la kusema," kikasema. "Nikikaa katikati, sawa. Nikisogea, si sawa. Mengine uliza wengine."

Wengine walikuwa wanawake watatu, ndugu, waliokuja wakiburuza kamba. Wakajitambulisha: Tatu, Nne na Tano. Tatu alikuwa na urefu wa mita tatu, Nne mita nne, na Tano, mdogo wao, aliwapita wote.

"Mimi nalala kwenye ukuta huu," alisema Tatu.

"Mimi kwenye ule," alisema Nne. "Vichwa vyetu vinakutana konani."

"Na mimi nawashika miguu," alisema Tano. "Nikiwafikia wote wawili bila kujinyoosha wala kujikunja, kona imekaa skwea, haikupanuka wala kubana."

Wakalala. Tano akamshika Nne mguu, akanyoosha mkono kwa Tatu. Hakufika. Vidole vyake viliishia hewani, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya upana wa vidole vinne.

"Nani alipima kona hii?" kiliuliza kiputo.

"Mume wangu."

"Kwa nini hakuita mtu?"

"Alikuwa anaumwa. Alinificha. Alisema anakuja huku kupunga upepo, kumbe anajenga. Nadhani alipima kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa yameshachoka."

"Inavunjwa," kikasema kiputo.

"Haivunjwi. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho."

Wale ndugu watatu walibaki wamelala, wanatazama mawingu. Hakuna aliyemharakisha.

"Wewe ni fundi nguo," kikasema kiputo. "Mshono ukienda upande unafanyaje?"

"Nafumua."

"Na kama aliyeushona unampenda?"

Stumai akaona swali la kipuuzi. "Nafumua vilevile. Niache watu waseme alishona vibaya?"

Kisha akasikia alichosema. Akatazama pima maji. Kiputo kimetulia katikati, hakitikisiki. Mkononi mwake ana nyundo. Anainua, anapiga kona mara moja, na kwa mlio ule akaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mikono yake ilikuwa mikavu. Akachukua utepe wake wa kupimia, kamba ya kuanikia nguo na nyundo ya jirani, akaenda kiwanjani bila hata kunywa chai. Akapima mita tatu ukuta huu, akatia alama. Mita nne ukuta ule, akatia alama. Kanuni hiyo hakuwahi kuisoma wala kuisikia popote. Kisha akavuta kamba kutoka alama hadi alama na kuipima.

Mita tano, na vidole vinne.

Akapima tena. Vinne.

Mwinshehe alimkuta amechuchumaa hapo. "Shemeji, unafanya nini na kamba ya nguo?"

"Kona hii haiko skwea. Imepanuka."

Mwinshehe, ambaye zamani aliwahi kuwa saidia fundi, alipima mwenyewe, kisha akamtazama. "Nani amekufundisha hii?"

"Nimefundishwa."

"Basi msingi ni mbovu. Tuuze tupumzike."

"Si mbovu. Ni kona moja, na aliyeijenga alikuwa mgonjwa, yuko peke yake."

Ugonjwa wa kaka yake hata Mwinshehe alifichwa. Akafuta uso kwa kiganja, akanyoosha mkono. "Lete hiyo nyundo."

"Nyundo naishika mimi, shemeji," alisema Stumai, akampa ncha ya kamba. "Wewe shika hapa, usilegeze."

Mwinshehe akachuchumaa, akashika. Stumai akainua nyundo.