Vigari Visivyovunjika

Vigari vya kwanza havikumaliza hata saa moja. Fundi Meno alivinunua sokoni, katika boksi ambalo picha yake ilikuwa nzuri kuliko kilichokuwamo. Akaunganisha vipande vya njia sakafuni, kati ya kochi na meza ya televisheni, akachomeka waya ukutani. Ni ule mchezo wa njia ya plastiki yenye mfereji. Kila kigari kina kipini chini ya pua, kipini kinaingia mferejini, nawe unakaa pembeni na kishikio cha waya mkononi. Ukikibana, kigari kinakimbia, ukikiachia, kinapoa. Ukibana bila adabu kwenye kona, kinaruka nje.

Kigari cha Nukta kiliruka kona ya pili, kikagonga mguu wa meza, kipini kikakatika. Cha baba yake, Fundi Meno, hakikuchelewa kufuata, kikapoteza gurudumu na kioo cha mbele.

Nukta alikuwa na miaka tisa. Jina hilo alipewa na mama yake siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyokuwa mdogo, likamganda hata alipoanza kurefuka. Hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaviweka kwenye kisosi, akakifunika kwa kitambaa, akaenda chumbani kufanya kazi za shule. Baba alibaki sakafuni anakitazama kile kisosi. Kilio angekiweza. Kitambaa kile kilimshinda.

Mama yake Nukta alikuwa amefariki miezi kumi nyuma. Tangu hapo maneno ya nyumba ile yalikuwa ya kuhesabu. Umekula? Nimekula. Sare umepiga pasi? Nimepiga. Hawakuwa wamekosana, ila kila mmoja alimpita mwenzake taratibu, kama mtu anayepita chumba alicholala mgonjwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akipiga simu kila wiki kusema mtoto apelekwe kwake, kuna binamu watatu wa kucheza nao, kuliko kukaa akizungumza na kuta. Fundi Meno alijibu kila wiki kwamba wataona. Ndiyo sababu alinunua vile vigari. Alitaka na nyumba yake iwe na mchezo.

Kazini nako hakukuwa na wa kuongea naye. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Wagonjwa hakuwaona. Aliletewa vinywa vyao vimemiminwa kwa plasta, taya ya juu na ya chini, na karatasi yenye vipimo. Angeweza kupishana na mtu njiani asimjue kabisa, mpaka acheke. Hapo angejua, huyu kazi yangu. Mkewe alikuwa na mzaha wake juu ya hilo. Kila akimpokea mkoba jioni alimwambia, jino la pembe si dawa ya pengo, mwenzangu, naye akamjibu kwamba mwenye pengo hana budi kutafuna. Sasa mkoba aliuweka mwenyewe juu ya kiti.

Kazi ilimfundisha kitu kimoja: kujua kitu kitavunjikia wapi kabla hakijavunjika. Jumamosi iliyofuata alimchukua Nukta wakaenda duka la vitu vya watoto, duka lenyewe, si vile vya kumwagwa chini sokoni. Muuzaji alikuwa mzee mnene, miwani yake imeshikizwa kwa selotepu upande mmoja. Fundi Meno akamweleza kwamba anataka vigari vya njia ya mfereji, na anataka vya kudumu.

"Vya kudumu vipo," mzee akasema. "Vingine hapa ukivigonga ukutani, ukuta ndio unaomba radhi."

Akavipanga juu ya kaunta. Fundi Meno alivishika kimoja kimoja kama anavyoshika taya. Alivigeuza chali. Alitaka bodi iliyofungwa kwa skrubu, maana ya gundi ikiachia haina dawa. Alitaka kipini kinachochomoka, ili kikikatika kibadilishwe peke yake, na vinyuzi vya shaba vya kuchukulia umeme ambavyo mtu anaweza kuvipata tena. Aliuliza kama sumaku ya chini ina nguvu ya kukishikilia kigari konani. Alibana pembe za bodi kwa kidole gumba akisikiliza. Vyenye vioo vya pembeni alivirudisha, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyotangulia kuvunjika. Mwishowe alibakiza viwili, vifupi na vinene, kimoja kijani na kimoja rangi ya udongo, sura kama viatu vya askari.

Nukta alikuwa amesimama mwisho wa kaunta mbele ya kigari cheupe, kirefu, kilicholala chini, chenye bawa jembamba nyuma. Hakukigusa. Baba akakichukua, akaligusa lile bawa, likatikisika.

"Uzuri wa mkakasi huu," akasema. "Hakimalizi wiki."

Nukta akaitikia kwa kichwa. Mzee wa duka akamtazama mtoto, akamtazama baba, akauliza kwa upole anayekwenda kucheza ni nani kati yao. Fundi Meno akacheka kidogo, akaomba afungiwe vile viwili.

Na kweli vilidumu. Wiki tatu walishindana kila jioni baada ya kula, na vigari vile viligonga kochi, viligonga meza, kimoja kiliruka mpaka jikoni kikasimama chini ya jiko, na havikupata hata mkwaruzo wa maana. Fundi Meno alifurahi nafsini mwake kama mtu aliyeshinda kesi. Alijifanya kushindwa mara mbili kati ya tatu. Ilimchukua muda kuona kwamba Nukta alikuwa akiendesha polepole, kona zote kwa adabu, kama anayemsindikiza mtu mzima sokoni.

Jioni moja mtoto akaweka kishikio chini.

"Baba, hivi havivunjiki."

"Ndiyo maana nilivichukua."

"Najua. Na sahani siku hizi hazivunjiki. Na vikombe ni vya plastiki. Bilauri za mama umezitia kwenye boksi, umeziweka juu ya kabati." Alisema bila hasira, kama anayesoma orodha. "Na mama mwenyewe hatumtaji. Unaogopa nitalia?"

Fundi Meno akasema vyombo havijaoshwa. Alisimama akaenda jikoni, akaosha sahani mbili kwa muda ambao ungetosha kuosha za harusi. Aliporudi, njia ilikuwa imefunguliwa vipande na kupangwa vizuri pembeni, na mlango wa Nukta umefungwa.

Kesho yake aliharibu kazi mara mbili, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Saa ya chakula cha mchana alivua aproni akaenda dukani kwa miguu. Kigari cheupe kilikuwa pale pale. Mzee wa duka alipomwona anakinyooshea kidole, alisema tu kwamba hicho hana dhamana nacho, akakifunga kwa karatasi laini.

Jioni ile Nukta alikishika kwa mikono miwili, akakipeleka usoni, akakitia mferejini mwenyewe. Kilikimbia kama maji. Mzunguko wa kwanza, wa pili, na sauti yake ilikuwa nyembamba, tofauti na ile mikoromo ya vigari vinene. Mzunguko wa tatu Nukta alibana kishikio mpaka mwisho, ulimi nje, kona ikamshinda, kigari kikapaa. Kiligonga ukuta. Bawa likaenda upande wake na kigari upande wake.

Baba alishtuka mpaka akapiga goti. Nukta naye alicheka. Alicheka kicheko ambacho hakikusikika humo kwa zaidi ya miezi kumi, cha kujishika tumbo, kisha katikati ya kicheko uso ukamgeuka akawa analia, na kilio nacho kilikuwa kikubwa. Baba alimvuta akamkalisha mapajani ingawa miguu yake ilishakuwa mirefu.

"Si kwa ajili ya kigari," Nukta akasema ndani ya shati lake.

"Najua, mwanangu. Mimi pia."

Alipotulia ndipo maneno yalipotoka kidogo kidogo. Kwamba mama alikuwa akivunja vikombe kila mwezi, na kila kikivunjika anadai kilimkasirisha. Baba alikumbuka cha bluu. Nukta akamsahihisha kwamba kilikuwa cha kijani. Walibishana juu ya kikombe hicho mpaka ikawa wakati wa kulala.

Baba alilitengeneza bawa kliniki. Plastiki aliyokuwa nayo ni ile ya kutengenezea fizi, ya waridi, na daktari alipokiona kigari cheupe chenye mgongo wa ufizi aliuliza mgonjwa huyu amekuja lini. Nukta alikipenda zaidi vile. Kilivunjika tena mara nne kabla ya shule kufungwa.

Shule zilipofungwa, Nukta aliomba mwenyewe kwenda kwa mama yake mdogo likizo nzima. Alieleza kwamba kule wapo watatu na njia ya vigari inaweza kupita chumba hadi chumba. Fundi Meno alisema sawa upesi, kabla moyo haujamsikia. Alifunga njia na vigari vyote kwenye boksi, akaongeza skrubu, vipini vya akiba na gundi, akamfundisha namna ya kuvibadilisha. Akamsindikiza hadi kituoni, akasimama mpaka basi likapinda.

Kimya cha nyumba hapo mwanzo kilikuwa cha watu wawili. Hiki cha sasa alikiona kipya. Alifagia sebule palipokuwa na njia, akaona pamekuwa papana bila sababu. Alipika, akakosea kipimo, akala mara tatu chakula kilekile.

Siku ya nne, jioni, alimpigia shemeji yake. Nyuma ya sauti yake vilisikika vigari na watoto wakigombea kishikio. Shemeji alisema Nukta hajambo, anakula, ila amewachosha binamu zake kwa hadithi.

"Hadithi gani?"

"Za dada. Tangu alipofika hajanyamaza. Leo kawaambia kwamba mama yake alikuwa anapiga mluzi akiwa bafuni, na kwamba wewe ulikuwa unasimama mlangoni kusikiliza huku ukijifanya unatafuta taulo. Kweli, shemeji?"

Hakujua kwamba mtoto alimwona. Hilo hakuwahi kulisema, hata kwa mkewe.

"Kweli," akasema.

Akaegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni, simu sikioni, machozi yakijiendea yenyewe bila mtu wa kumficha.

"Kasema nini kingine?" akauliza. "Niambie yote, sina haraka."