Maafisa Waliotoka Kwenye Koti

Jumapili hiyo chama cha akina mama kilikutana kwa Lydiah, mtaani Mbotela, na zamu ya kupokea pesa za chama ilikuwa ya Fartun. Fartun hushona kwa mkono mapazia ya nusu ya mtaa wa Tena. Cherehani ambayo angeinunua kwa pesa hizo alishaitengea nafasi nyumbani kwake, karibu na mlango. Hata mumewe alikatazwa kuacha viatu hapo. Shida ni kwamba akiba ya chama ilikuwa imegeuzwa sarafu za mtandaoni na kijana mmoja mtanashati, Kitonga, na sasa kampuni yake ilikubali kuweka tu. Kutoa, hapana.

Wakaita serikali. Serikali ikaja, jina lake Bedan, ikavua viatu, ikapewa chapati.

"Kaka Bedan," Lydiah akauliza, "hii kitu ni pesa ama si pesa?"

"Hilo ni la ofisi nyingine, mama." Akafungua vifungo vya koti, na afisa wa ofisi nyingine akatoka, akajinyoosha mgongo, akasalimia watu wote kwa mkono. Nyawira, mwanachama mwenzao, akaenda kuongeza kikombe.

Huyo naye alisema lingekuwa lake kama sarafu zingekuwa hisa. Akafungua koti. Wa tatu alishuku kamari, na koti lake lilikuwa na wawili, waliokuwa wakibishana tangu humo ndani. Kabla chai haijapoa, maafisa walikuwa wamejaa sebuleni hadi jikoni, na mmoja mwembamba alikuwa juu ya friji akiunda kamati. Majirani wakachungulia kuuliza kama kuna matanga. Wakaambiwa ni sheria. Wakaketi pia.

Kwa Lydiah mgeni hatoki na njaa. Unga ulipoisha, mchango wa siku hiyo, ambao ungemsaidia Fartun angalau kulipia cherehani arubuni, ulipelekwa dukani ukarudi unga na mafuta.

"Fartun, si hutajali?"

"Nijali nini na wageni wameketi?" akajibu Fartun, akisukuma chapati kana kwamba imemkosea.

Wa mwisho kutoka alikuwa afisa wa ushuru, mdogo kama birika. Yeye peke yake hakuwa na shaka. "Mkipata faida, ni mapato. Mkipoteza, poleni."

"Na Kitonga?"

"Huyo ana kibali."

"Kibali cha nini," akauliza Nyawira, "na nyinyi hamjui hii kitu ni nini?"

"Cha kuendelea mpaka tujue."

Jioni Kitonga mwenyewe akapita kusalimia. "Niaje wamama! Leo mko na nyomi." Hakukuwa na nafasi, kwa hivyo Fartun aliombwa asogee. Akasogea. Akamwekea chapati, maana naye ni mgeni.

Kitonga akaila, akasema chumvi imepungua. Maafisa wote wakakubaliana naye.