Kome wa Mto Lurgan

Beathag alikuwa na miaka kumi na tisa alipouharibu mto wa babake, na aliuharibu kwa siku moja.

Babake, Ruairi, alikuwa mtafuta lulu. Kila kiangazi walipiga hema kando ya Lurgan, naye akiingia majini hadi kiunoni, akichungulia chini kwa ndoo yenye kitako cha kioo, mkononi ana fimbo ndefu iliyopasuliwa ncha ya kubania kome, wale chaza wa mtoni. Aliwachukua waliopinda tu, wenye magamba ya makunyanzi, maana ndio hubeba lulu. Walio laini aliwaacha. Kutwa nzima huenda akafungua kumi.

Mwaka ule Beathag alikuwa mchumba wa Fearchar, na alikuwa na lulu moja nyeupe ya hereni. Akataka pacha wake. Siku babake alipokwenda mjini, aliingia majini akaanza kuchagua. Jua lilipofika utosini hakuchagua tena, alimng'oa kila aliyemwona. Alasiri alikuwa amefungua mia tatu na ushei, na alichopata ni punje moja ya kahawia, haifai hata kutobolewa.

Ruairi aliporudi alikuta rundo la magamba ukingoni, nyama zikinuka, visubi vimetanda. Hakumgombeza. Aliketi akayageuza magamba moja moja mpaka chai yake ikapoa. Asubuhi aling'oa hema, na hakukanyaga tena Lurgan mpaka anaingia kaburini. Beathag aliolewa bila hereni.

Miaka hamsini na miwili ilipita. Kuwagusa kome kulikuwa kumeshapigwa marufuku wakati Ishbel, binti mtafiti wa mito, alipomfuata Beathag nyumbani kumwomba amwonyeshe kome walikokuwa wakiishi. Walishuka pamoja. Ishbel alitafuta saa nzima, akapata kumi na mmoja, wote wazee. Mtoto, hata wa dawa. Alieleza kwamba wachanga huanza maisha wameng'ang'ania mashavuni mwa samaki, na samaki nao wamepungua.

Beathag akamwambia yote.

"Nimejipa moyo miaka yote hii," alisema, "kwamba hata nisingewagusa, wangeshakufa kwa uzee."

"Siwezi kukudanganya, bibi. Hawa huishi zaidi ya miaka mia. Wengi wangekuwepo leo."

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa."

"Lakini si wewe peke yako. Kuna mabwawa, kuna mbolea za mashambani..."

"Wenye hayo watajisemea wenyewe, mwanangu. Wewe andika mia tatu zangu."

Ishbel akaandika.

Kome mmoja alikuwa ametupwa na maji kwenye changarawe kavu. Ishbel, aliyekuwa na kibali, alimpa Beathag amrudishe majini. Bibi aliinama kwa taabu, akamlaza chini ubavu.

"Hivyo atasombwa. Msimamishe, mchimbie nusu, mdomo uelekee juu."

Mikono ya Beathag ilijua kung'oa tu. Ilibidi Ishbel aishike na kuiongoza.