Koti la Mheshimiwa

Mama alikuwa amefika kwenye mviringo wa bega, pale ambapo mkasi hautakiwi kusimama, na Rula alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili kana kwamba meza ingekimbia. Kitambaa kilikuwa cha sufu, kijivu cha kuiva, kizito. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umelazwa juu yake ili kisisogee. Hiyo ndiyo kazi pekee uliyoiweza tangu mwezi wa pili. Mkasi ulikuwa kushoto. Ulikuwa mkasi uliotengenezewa watu wa mkono wa kulia, na kila ulipofumba uliitafuna nguo kidogo kabla ya kukubali kuikata.

"Acha kubana pumzi," mama alisema bila kuinua macho. "Unanitia woga."

"Sijasema kitu, mama."

"Ndiyo maana. Sema kitu."

Maneno yake yalitoka polepole, yakiegemea upande mmoja wa mdomo, lakini yalifika.

Watu wa mtaa walimwita Rula kwa sababu alipima mara tatu kile ambacho wengine walipima mara moja, kisha akakagua tepu yenyewe kama haijavutika. Hakuwahi kukaa kwenye darasa la ushonaji. Alijifunza kwa kufumua nguo zilizoshonwa na mama na kuzirudishia, mshono kwa mshono, mpaka mama mwenyewe akawa hajui ipi ni kazi ya nani. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kumlaumu mtu kulimchukua muda, maana kwanza alimtafutia visingizio vyote, akavipanga, akavijaribu kimoja kimoja.

Kwa kaka yake, visingizio vilimwishia mwezi wa tisa.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya na haukujirekebisha. Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha mama akipiga pasi kola ya shati. Rula alichomoa waya wa pasi kwanza, ndipo akamwinua mama, na miezi yote iliyofuata alijiuliza kwa nini alianza na pasi. Mwezi wa tatu alijifunza kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumwumiza. Mwezi wa tano mvua ilipita darini ikalowesha vitambaa vya wateja. Mwezi wa sita fundi msaidizi, waliyemfundisha tangu hajui kutia uzi kwenye sindano, alihamia duka la mtaa wa pili na kuondoka na nusu ya wateja. Mwezi wa nane mama alidai mkasi. Alikata magazeti, kisha mashuka machakavu, kisha bitana. Sufu hii ilikuwa nguo yake ya kwanza ya maana kwa mkono wa kushoto.

Katika hayo yote, kaka alikuwa pamoja nao kwa simu. "Tuko pamoja," aliandika, chini ya picha ya ua na mshumaa. Alifika mara tatu. Mara ya kwanza alipiga picha akiwa ameushika mkono wa mama uliokufa ganzi, akaituma kwa watu wake, akaondoka kabla chai haijachemka. Mara ya pili, mwezi wa tisa, alikuja kuonyesha gari. Mara ya tatu alileta sufu.

Mtaa ulimwita Mheshimiwa, naye hakujua kama ni kejeli. Palipokuwa na kamati, yeye alikuwa mwenyekiti: kamati ya wazazi, kamati ya maji, na sasa umoja wa waliosoma naye. Siku ya kwanza ya mwaka mpya angesimikwa, na kusimikwa kulitaka koti.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Siku hiyo ya kukata alifika saa nne asubuhi, akapangusa kiti kwa leso, kisha akaamua kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Nimeona umekuja bila kuitwa."

Mheshimiwa alicheka kicheko cha mkutanoni, akatoa mfukoni karatasi mbili. "Nimeandaa tathmini fupi ya mwaka wetu. Si vizuri familia ikaingia mwaka mpya bila kutazama nyuma." Akakohoa. "Kwanza kabisa, tumepita katika kipindi cha changamoto. Hata hivyo, kwa umoja wetu, tumesimama imara."

"Nani kasimama?" mama aliuliza. "Mimi nilikuwa nimelala."

"Ni lugha ya kuandika, mama."

"Haya, andika. Mimi nakata."

Akaendelea kusoma, na mkasi ukaendelea kutafuna. Alisoma juu ya mvua iliyovuja, wakati siku ile hakuwa na hata ndoo moja mkononi. Alisoma juu ya "huduma tuliyompa mgonjwa wetu". Rula alisikiliza kama anavyosikiliza mashine mbovu, akingoja ajue hasa inapogonga. Iligonga mwishoni mwa karatasi ya kwanza.

"Kwa hiyo, ili mwaka ujao uwe bora, nashauri duka lifungwe. Mama apumzike kwangu. Nina chumba cha nyuma, kimetulia kabisa."

"Kina dirisha?"

"Kina feni." Akaiweka karatasi ya pili mezani, akailainisha kwa kiganja. "Hii ni barua ya kumrudishia mwenye nyumba chumba hiki. Mkataba ni wa jina lako, inatakiwa sahihi yako tu. Kuna rafiki yangu anauza simu, atakichukua. Anakuja saa nane kupima rafu."

"Leo?" Rula aliuliza.

"Mdogo wangu, usilichukulie kwa moyo. Wewe bado kijana, utapata pa kushona. Hili ni kwa faida ya mama. Mtu hawezi hata kushika kijiko, mnampa mkasi!"

Mama alimaliza kipande chake, mkono wa pili wa koti, na kukisukuma pembeni. Rula alikipokea, akakilaza juu ya kile cha kwanza, nyuso za kitambaa zote zikitazama juu, ili avifunge pamoja. Vililingana. Mviringo juu ya mviringo, kiwiko juu ya kiwiko, bila kupishana hata unene wa uzi.

Akavitenganisha, akavilaza tena, vikalingana tena. Mikono ya koti ikilazwa hivyo haitakiwi kulingana. Mmoja ni wa kulia, mwingine wa kushoto. Lazima ikataane kama viatu.

Alielewa upesi kilichotokea, kwa kuwa alikuwa pale. Miaka yote mama alikata akiwa upande wa dirisha. Mkono wa kwanza wa koti aliukata huko kwa mazoea, akateseka. Kwa wa pili akahamia upande wa mlango, ambako mkono wake wa kushoto ulipata nafasi. Kabla ya kukata wa pili, kigezo cha karatasi hupinduliwa ili tumbo lake, yaani upande uliolala kwenye kitambaa, likae juu. Mama alikuwa amezunguka meza, na mwili wake ukaamini kwamba kupindua kumeshafanyika. Aliyegeuka ni mama. Karatasi haikugeuka.

Na sufu iliyobaki haikutosha mkono mzima.

Rula aliviinua vipande vyote viwili, akavikunja taratibu, akafungua droo ya vifungo. Hakuwa mtu wa kuficha kosa. Mteja alipopunjwa nusu inchi alimwita mwenyewe akamwonyesha. Lakini barua ilikuwa pale mezani, na kalamu ya Mheshimiwa juu yake, na kosa hili ndilo lililokuwa ushahidi alioukosa kwenye tathmini yake.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Nitakwambia baadaye."

"Mwaka mzima mnaniambia baadaye. Lete."

Rula alisita, kisha akavitoa. Mama alivipapasa kwa vidole vya kushoto, akafuata ukingo mmoja, akafuata wa pili. Uso wake ukasimama. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Rula akadhani analia, mpaka sauti ilipotoka. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza. Hakuwa amecheka hivyo tangu kabla ya ile kola.

"Mheshimiwa, njoo uone. Nimekukatia mikono yote ya kushoto."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso ulimng'aa, kwa kuwa ameshinda. Kisha ukamzimika, kwa kuwa ni koti lake.

"Mnaona? Ndilo nililokuwa nasema! Umechoka, mama. Huwezi. Sasa... sasa mimi nitavaa nini?"

"Hili si kosa la mtu aliyekwisha," mama alisema. "Ni kosa la mwanafunzi. Mkono huu una miezi minne tu kazini."

"Nitavaa nini, mama?"

Mama aliuweka mkasi chini. Alivuta barua mbele yake, akaokota kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Sijui. Natia sahihi, duka linafungwa. Rula, mfungie vipande vyake kwenye mfuko. Atafute fundi."

Rula hakusogea. Aliitazama ncha ya kalamu ikishuka kuelekea kwenye ile karatasi, akaona chumba cha nyuma, feni, na mama akiwa amekaa chini yake hana cha kukata.

"Ngoja," Mheshimiwa alisema. "Mama, ngoja kidogo. Mafundi wote wamejaa kazi siku hizi, nani atanipokea? Koti ni jambo la pembeni."

"Si la pembeni. Aliyechoka amechoka kwa wote. Huwezi kuniambia nimekwisha, halafu nikushonee."

"Lakini linawezekana? Bado linawezekana?"

"Kwa fundi, ndiyo."

Mheshimiwa aliitazama kalenda ukutani. Aliitazama sufu. Rula alimtazama yeye, akimtafutia kisingizio cha mwisho. Kama angeinama sasa, akasema tu, mama, nimekukosea, angemsamehe mwaka mzima papo hapo, na ua, na mshumaa.

"Litakuwa tayari kesho kutwa?" Mheshimiwa aliuliza.

"Piga simu," mama alisema.

Akatoka nje. Kupitia mlango walimsikia akizungumza kwa sauti ya kamati. "Mipango imebadilika kidogo, bwana... Hapana, usije leo. Kwa mwaka huu imeshindikana."

"Na mwakani!" mama aliita.

"Na mwakani pia," alisema Mheshimiwa.

Rula aliipokea ile barua na kuichana vipande vinne, polepole. Dharau aliyoihisi aliipima mara tatu, kama kawaida yake, na mara zote tatu ilitoka kipimo kilekile. Kaka yake hakumrudishia mama duka. Alinunua koti. Lakini duka lilibaki, na Rula hakuwa na haja ya kulipata kutoka kwa mtu mwema.

Mheshimiwa aliporudi, mama alimpima upya. Mkono wa pili ungetoka kwenye vipande viwili, na kiungo kingepita chini ya kwapa.

"Kitaonekana?" aliuliza.

"Ukiinua mkono kujisifu, kitaonekana."

"Sasa nitawapungiaje watu?"

"Wapungie kwa chini. Kama unafukuza kuku."

Aliondoka bila kucheka. Tathmini aliisahau kitini. Rula aliikunja mara mbili akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia kidogo.

Walikula wima, wakarudi kazini. Safari hii mama alitamka kila hatua kwa sauti kabla ya kuifanya: nimezunguka meza, nimepindua karatasi, tumbo liko juu. Rula alijibu "ndiyo" kwa kila moja. Kufika saa kumi chaki ilikuwa imezunguka nusu ya mkono, na vidole vya mama vilianza kutetemeka. Alijaribu tena. Mstari ukayumba, akaufuta kwa kiganja.

"Nimalizie mimi?" Rula aliuliza.

"Hapana."

Mama alikaa kwenye kiti, akaukandakanda mkono wa kushoto kwa kuusugua kwenye goti.

"Mwaka huu nimejifunza kuushika mkasi," alisema. "Mwakani nataka matundu ya vifungo."

"Matundu ni kazi ngumu, mama. Hata mimi yananishinda."

"Ndiyo maana nayataka. Unataka nibaki kwenye magazeti?"

Rula alibana karatasi kwa pini kwenye sufu, pini tisa, ili isisogee. Nusu ya mstari ilikuwa nyeupe na wazi. Nusu nyingine haikuwapo bado. Akatandaza shuka safi juu ya kila kitu, akarudisha kiti ukutani.

"Kesho tuanze saa moja," mama alisema. "Kabla mkono haujakumbuka kwamba umechoka."